Kasi Kwanza: Kupiga Picha za Shughuli za Usiku

 

Nimeombwa nizungumzie jinsi ya kuipanga kamera kwa picha za usiku. Usiku ni mpana, kwa hiyo nitabaki kwenye shughuli, maana ndiyo inayotulisha wengi wetu: harusi, maulidi, taarabu, tamasha la muziki. Anayepiga nyota au magofu kwa mbalamwezi ana stendi yake na ana muda wake. Anaweza kuiacha shata wazi sekunde 30 asipoteze kitu. Sisi tunapiga watu, na watu hawatungojei. Shangazi aliyeinuka na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji anakwenda mara moja, kwa madaha yake, na akisharudi kitini ile picha imekwisha.

Hoja yangu naitaja mapema mnisikilize mkiwa nayo. Usiku, amua kwanza kasi ya shata, na uiamue kwa kumtazama mtu unayempiga, si kwa kuitazama mita ya kamera. Kisha fungua tundu la lenzi kadiri kazi inavyokuruhusu. ISO iwe ya mwisho, nayo ipande mpaka itakapofika. Wengi tumelelewa kinyume cha hapo. Tulifundishwa kuiogopa ISO, tukaambiwa usivuke 800, usivuke 1600, na matokeo yake albamu za harusi zimejaa picha safi zisizo na chenga hata moja, lakini maharusi wenyewe wametikisika. Chenga zinavumilika na zinapunguzika. Jicho lililotikisika halirudi, hata ukae na kompyuta mpaka asubuhi.

Tuanze na ukubwa wa upungufu wenyewe. Wapiga picha tunauhesabu mwanga kwa stopu, na kila stopu ni kuuzidisha mara mbili au kuugawa kwa mbili. Jua la saa saba mchana, kwa ISO 100, linakupa f/16 na 1/125. Jukwaa lenye taa nzuri usiku liko chini ya hapo kwa stopu kama tisa. Tisa inasikika ndogo, lakini ni kuugawa mwanga kwa mbili mara tisa, na kinachobaki ni sehemu moja katika 500. Ukumbi wa harusi wenye taa hafifu na mishumaa mezani unaweza kushuka stopu mbili zaidi, na hapo tunazungumzia sehemu moja katika 2,000. Macho yetu hayatuambii hivyo. Mboni hupanuka, jicho hujizoesha, ubongo husahihisha, na baada ya dakika chache ukumbini unamtambua mtu wa meza ya mwisho kwa kilemba chake tu. Kamera inapokea kile kinachoingia, basi.

Stopu tisa hizo lazima zitoke mahali. Ukilifungua tundu kutoka f/16 hadi f/2.8 umepata tano. Ukipandisha ISO kutoka 100 hadi 3200 umepata tano nyingine. Moja katika hizo kumi unaitumia kuipandisha kasi kutoka 1/125 hadi 1/250, nazo zinabaki tisa. Ndiyo maana 1/250 kwa f/2.8 na ISO 3200 ni pa kuanzia pazuri kwenye jukwaa lolote usilolijua. Piga moja, tazama, rekebisha. Nataka vijana muijue hesabu hii kichwani, kwa sababu anayeijua hahangaiki taa zinapobadilika. Anajua akichukua hapa atalipa wapi.

Sasa kasi. Kamera nyingi zina kinga ya kutikisika, ndani ya lenzi au ndani ya mwili wa kamera, na watengenezaji huitangaza kwa stopu tano au zaidi. Kinga hiyo ni ya kweli, lakini inamkinga mpiga picha tu. Inatuliza mkono wako. Haimtulizi anayecheza. Kwa kinga nzuri utaweza kuupiga ukuta wa Ngome Kongwe ya Zanzibar kwa 1/10 ukatoka wazi jiwe kwa jiwe, na mwimbaji aliyesimama mbele yake akatoka ukungu. Kwa hiyo usiku uliza mwili unakwenda kwa kasi gani. Tuseme mkono wa mpiga ngoma unashuka mita tatu kwa sekunde. Kwa 1/60 mkono huo unasafiri sentimita tano shata ikiwa wazi, na hakuna kidole kitakachoonekana. Kwa 1/500 unasafiri milimita sita, na hapo unamwona mtu anapiga ngoma. Waliopata kumwona mwimbaji Bi Kidude na ile ngoma yake ya msondo watanielewa: uso wake ungeweza kupigwa kwa 1/125, kwa kuwa uso wake ulikuwa umetulia kama mwenye siri, lakini mikono ilikuwa ya ujana kabisa. Ukitaka vyote viwili katika fremu moja, mikono ndiyo inayoamua.

Waimbaji wa taarabu asilia wanatupa nafasi. Ukilipiga kundi kama Ikhwan Safaa, ambalo lipo tangu 1905, utakuta mwimbaji amesimama wima mbele ya wapigaji waliokaa na fidla zao, udi na kanuni. Hapo 1/125 inatosha kwa mwimbaji, na 1/250 kwa upinde wa fidla. Bongo fleva ni habari nyingine. Mtu anaruka, anageuka, anaitupa maiki juu, na chini ya 1/500 unacheza bahati nasibu. Katikati ya hao wote kuna jambo ambalo mita haitakuambia. Kila mwendo una mahali unaposimama. Anayeruka, akifika juu kabisa, anatulia kidogo kabla ya kushuka. Anayeimba, akimaliza ubeti, anavuta pumzi na mwili unasimama. Katika Maulidi ya Homu safu nzima ya watu huinamia upande mmoja pamoja, ikafika mwisho, kisha ikageuka; pale mwisho, kabla ya kugeuka, mwendo ni sifuri. Mpiga picha aliyeusikiliza muziki anabonyeza pale, na 1/160 yake inakuwa kali kuliko 1/400 ya mgeni anayebonyeza ovyo. Kwa sababu hiyo huwasihi vijana wasivae visikilizio kazini na wafike mapema kwenye mazoezi. Kujua wimbo ni sawa na kuongezewa stopu moja.

Kuhusu tundu la lenzi sitakaa sana, ila nitawatetea wasio na fedha. Lenzi inayouzwa pamoja na kamera, ile ya milimita 18 hadi 55, ukiivuta mpaka mwisho inakupa f/5.6. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 ni miongoni mwa lenzi rahisi zaidi dukani, na inapitisha mwanga takriban mara kumi ya ile. Kabla ya kutamani kamera mpya, tafuta hiyo. Gharama yake iko kwenye fokasi. Kwa f/1.8, ukiwa mita mbili kutoka kwa bibi harusi na kamera yenye sensa kubwa, eneo linalokuwa wazi lina unene wa kama sentimita 17 tu, na kwa sensa ndogo ni pungufu ya hapo. Akiwa peke yake unapata uso wake wote. Akikaa na bwana harusi, mmoja mbele kidogo ya mwenziwe, mmoja atapotea; panda f/2.8 au f/4 na uiache ISO ilipe. Nimeona picha nyingi za familia ya watu kumi zilizopigwa kwa f/1.8, babu yuko wazi na wajukuu ni moshi. Familia hiyo haitakusanyika tena ikiwa kamili.

Nimesema ISO ilipe. Sasa nieleze chenga zinatoka wapi, kwa kuwa woga wetu umejengwa juu ya kutokuelewa. Mwanga hufika kwenye sensa kwa chembe, na chembe hizo hazifiki kwa mpangilio. Zinafika kama matone ya mvua uani, hapa mengi, pale machache. Pikseli ikipokea chembe 10,000, tofauti ya kawaida kati yake na jirani yake ni kama 100, yaani asilimia moja, nawe huioni. Ikipokea chembe 100, tofauti ni kama 10, yaani asilimia kumi, na hiyo ndiyo chenga. Kwa hiyo chenga zinaletwa na uchache wa mwanga. ISO inakuza tu kile kilichopokelewa. Ukiishusha ISO bila kuongeza mwanga kwa njia nyingine, unapata picha nyeusi, na ukiipandisha nyumbani kwenye kompyuta, zile chenga zinakungojea palepale, na kwa kamera nyingi za miaka ya nyuma zinakuja zimeongezeka na zina mistari. Picha iliyopigwa kwa ISO 6400 ikapata mwanga wake sawasawa ni salama kuliko ya ISO 1600 iliyozama gizani. Zaidi ya hapo, kumbukeni picha hizi zinakwenda wapi. Zinakwenda kwenye albamu, kwenye kalenda, kwenye simu za ndugu walioko Maskati na Toronto. Hakuna shangazi atakayeikuza picha mpaka asilimia mia akahesabu chenga kwenye mto wa kiti. Atatazama sura yake.

Sura yenyewe ndiyo inayonileta kwenye jambo ninalolipa uzito kuliko yote katika mhadhara huu.

Mita ya kamera haijui inatazama nini. Imetengenezwa kwa dhana kwamba ukichanganya vyote vilivyomo kwenye fremu utapata rangi ya kijivu cha katikati, nayo inasukuma kila picha ifike hapo. Mchana wa kawaida dhana hiyo inafaa. Usiku inavunjika kwa pande mbili. Kwenye jukwaa, mwimbaji mmoja ana taa na nyuma yake ni giza tupu. Mita inaliona giza, inafikiri mambo ni mabaya, inaongeza mwanga, na uso wa mwimbaji unaungua. Kwenye maulidi ni kinyume: safu baada ya safu za kanzu nyeupe, kofia nyeupe, taa nyeupe za dari. Mita inauona weupe, inapunguza, na kanzu zinatoka kijivu. Na ndani ya hizo kanzu za kijivu, nyuso zetu nyeusi zimezama kabisa, macho hayaonekani. Mpiga picha anasema kamera imefanya kazi yake. Imefanya, lakini kwa hesabu isiyotujua.

Hesabu isiyotujua ina historia. Kwa miaka mingi, maabara za kusafisha picha za rangi zilisawazisha mashine zao kwa kadi zilizotoka Kodak, zenye picha ya mwanamke mzungu, na kadi hizo zikaitwa kwa jina la Shirley. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Ngozi nyeusi ikitoka bila umbo, ikabaki meno na macho, hilo lilionekana ni tatizo la aliyepigwa. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameifuatilia habari hii kwa kina, na ameonyesha kwamba miongoni mwa waliosukuma filamu zibadilishwe ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba rangi za kahawia za bidhaa zao hazitofautiani. Kahawia ya chokoleti ilisikilizwa. Mimi kila nikikumbuka jambo hili huona kwamba sisi tunaopiga picha Afrika Mashariki tuna wajibu wa kuzipima nyuso za watu wetu kwa makusudi, mmoja mmoja, wala tusikiachie chombo.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Badilisheni mita iwe ya nukta, isome sehemu ndogo ya katikati, muielekeze shavuni, upande wenye taa. Ngozi nyeusi ni nyeusi kuliko kile kijivu cha mita, kwa hiyo mita ikisoma shavu hilo itataka kulifanya kijivu; punguzeni stopu moja, au moja na nusu kwa mtu mweusi tititi, na rangi itakaa pale inapoishi. Mkipima kanzu nyeupe, ongezeni stopu moja na nusu, kisha tazameni kama nyuzi za darizi bado zinaonekana. Kati ya kanzu na uso kuna pengo kubwa, na usiku lazima uchague unaegemea wapi. Mimi naegemea usoni. Kola ikipotea weupe kidogo, hakuna atakayelia. Ngozi nyeusi ina zawadi yake pia usiku: inarudisha mng'ao. Taa ikitokea ubavuni badala ya mbele, paji la uso, mfupa wa shavu na jasho la mwimbaji vinachukua mwanga na kuchora umbo lote. Sogea hatua tatu kushoto au kulia mpaka taa iwe ubavuni mwake. Hatua hizo tatu hazina bei, na zinakupa zaidi ya lenzi.

Harusini kuna taa moja ambayo vijana wanaikimbia na mimi nawaambia waikimbilie: taa ya mpiga video. Iko juu ya kamera yake, ni kali, na ukisimama naye bega kwa bega inazibandika nyuso kama kitambulisho. Lakini ukienda pembeni, yeye akiwa mbele ya maharusi na wewe ubavuni, taa yake inakuwa taa yako ya pembeni, bure. Mwamkie kabla ya shughuli kuanza, mpange pamoja mtasimama wapi. Atafurahi nawe ukimwachia nafasi yake.

Taa za jukwaa siku hizi ni za LED karibu kila mahali, nazo zina mashaka mawili. La kwanza ni rangi. Taa ya bluu tupu au nyekundu tupu inajaza mkondo mmoja wa rangi kwenye sensa na kuiacha mikondo mingine mitupu. Kwenye kioo cha nyuma picha inaonekana ina mwanga wa kutosha, na histogramu ya kawaida inakubali, kumbe mkondo wa bluu umefurika zamani na uso umekuwa doa bapa lisilo na pua. Washeni histogramu inayoonyesha rangi zote tatu kila moja peke yake. Taa zikiwa za rangi moja, punguzeni kama stopu moja, au, vizuri zaidi, subirini. Anayeendesha taa ana mazoea yake. Kwa kawaida kiitikio kinapoingia anafungua taa nyeupe. Baada ya nyimbo mbili utamjua. Ikishindikana kabisa, picha ya bluu igeuzwe nyeusi na nyeupe, na mara nyingi inapona.

Shaka la pili ni kupepesa. Umeme wetu una mapigo 50 kwa sekunde, na taa zinazoufuata bila kuurekebisha hung'aa na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Shata ya 1/1000 inaona, kwa kuwa inakata kipande kidogo cha wimbi hilo. Picha moja inatoka angavu, inayofuata imefifia, nyingine ina mkanda wa rangi ya chai katikati. Kwa 1/100 au 1/50 unalimeza wimbi zima na tatizo linakwisha, lakini kasi hizo haziwezi kumzuia anayecheza. Kwa hiyo katika ukumbi unaopepesa piga mfululizo wa tatu au nne, mojawapo itaangukia mahali pazuri, na kama kamera yako ina kipimo cha kupepesa kiwashe. Taa za jukwaa za LED huwa na mapigo yake mengine ya haraka zaidi, na hapo adui ni shata ya kielektroniki, ile isiyo na sauti. Inaisoma sensa mstari kwa mstari, taratibu kuliko pazia la shata ya kawaida, na kila mstari unakuta taa katika hali nyingine. Michirizi hiyo haifutiki. Ukimya wake ni mtamu kwenye kisomo na kwenye ndoa inapofungwa, naitumia hapo kwa shukrani, lakini kwanza napiga moja ya majaribio chini ya taa zilezile.

Flashi. Najua kuna walimu wanaoifanya kama haramu, na siko nao. Mtu aliyetuachia usiku wa Afrika ulio hai kuliko wote ninaoujua aliupiga kwa flashi. Malick Sidibé wa Bamako, katika miaka ya 1960, Mali ikiwa imetoka tu kupata uhuru, alikuwa akizunguka Jumamosi usiku kutoka dansi hadi dansi na kamera ndogo ya filamu ya milimita 35. Alirudi studio kwake Bagadadji kabla hakujakucha, akasafisha filamu, na picha ndogondogo zikabandikwa nje vijana waje wajitafute na waagize. Picha yake ya mkesha wa Krismasi wa 1963, ya kijana wa suti na msichana asiye na viatu, vichwa vimeinama karibu kugusana, nusu ya dunia inaijua. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu ya Venice. Flashi ile haikuiharibu dansi kwa sababu alikuwa mmoja wao, alikaribishwa kwa jina, na walipenda kuonekana. Filamu ya enzi ile isingeweza kuwaganda wachezaji gizani kwa njia nyingine.

Sisi tuna ISO 6400 ambayo yeye hakuwa nayo, kwa hiyo tuna uhuru wa kuchagua. Kwenye dansi la harusi, meza zimeondolewa na watu wanaserebuka, flashi inafaa: weka 1/30 au 1/20, acha taa za ukumbi zichore rangi nyuma, na flashi imgandishe aliye mbele. Ukiweka 1/200 utamgandisha vilevile, ila ukumbi wote utakuwa shimo jeusi na mapambo waliyoyalipia hayataonekana. Ukiipiga darini ili irudi laini, tazama dari kwanza. Kumbi zetu hufungwa vitambaa vya rangi, na zambarau ya dari itashuka kwenye nyuso za wageni wote. Ngome Kongwe haina dari. Anayeielekeza flashi juu pale anaiangazia mbingu. Na kwenye tamasha la Sauti za Busara, ambalo lilianza 2004 na kwa miaka mingi limetumia ua ule, flashi ya mtu aliye safu ya kumi inachofanya ni kuangaza visogo vya safu ya tisa. Mwanga wa flashi hupungua kwa mraba wa umbali: ukienda mara mbili mbali, unabaki robo, ukienda mara nne, unabaki sehemu moja ya kumi na sita.

Kwenye dhikri na maulidi sipigi flashi, na nawaomba msipige. Watu wamefumba macho. Wamefika mahali ambapo kamera haikualikwa, imevumiliwa tu. Hata ile taa ndogo nyekundu inayoisaidia kamera kutafuta fokasi izimeni kwenye menyu kabla ya kuvua viatu mlangoni.

Na ikishazimwa, fokasi itasumbua kidogo, kwa kuwa kamera hutafuta mistari yenye tofauti ya giza na mwanga, na mashavu laini gizani hayana mistari. Tumia nukta moja ya fokasi, ya katikati kwenye kamera za zamani kwa kuwa ndiyo yenye nguvu, na uiweke kwenye ukingo wa kofia au kwenye nyusi. Mwimbaji mwenye maiki mdomoni ni mtego wa kila siku: kamera inapenda maiki. Mpige kutoka pembeni, maiki na jicho vikiwa umbali mmoja kutoka kwako.

Pigeni RAW. Mishumaa, balbu za manjano, mirija myeupe ya dari na LED ya zambarau vinakutana kwenye uso mmoja, na JPEG imeshaamua rangi kabla hujafika nyumbani. Lakini rangi ya manjano ya kibatari au ya mshumaa msiifute yote. Ukiisawazisha mpaka ukuta uwe mweupe kabisa, umepiga ofisi.

Wenye simu tu, msiondoke. Hali ya usiku ya simu hupiga fremu nyingi kwa mfululizo na kuziunganisha, ndiyo maana majengo ya Forodhani yanatoka yanang'aa na watu wanaopita wanakuwa vivuli. Kwenye shughuli izimeni, msogee karibu, mtafute taa, na mbonyeze pale mwendo unaposimama. Kila nililosema juu ya shavu na taa ya ubavuni linafanya kazi kwenye simu vilevile.

Maswali nitayapokea nje, maana nimeomba tumalizie uani. Taa zote zitazimwa ibaki balbu moja ukutani, na kijana wetu mmoja atatupigia ngoma. Wekeni kamera kwenye M, tundu lifunguliwe mwisho, na mpige kwanza kwa 1/500 na ISO 6400. Kisha 1/250 na 3200, kisha 1/125 na 1600, kisha 1/60 na 800. Picha zote nne zitakuwa na mwanga uleule. Msifute hata moja. Tutazirusha ukutani kwa projekta, tuitazame mikono ya mpiga ngoma kisha uso wake, na kila mmoja aseme mwenyewe ni ipi angempelekea mama yake yule kijana.